Mjusi mwenye ndevu akiwa mdogo: joto, mwanga na chakula

Mjusi mwenye ndevu (Pogona vitticeps), mnyama wa nchi kavu ya Australia, huanguliwa akiwa na urefu wa kama sentimita 10. Kufikia mwaka mmoja hadi mwaka na nusu anakuwa na sentimita 45 hadi 60. Mifupa ya mwili wote huo inajengwa kwa kalisiamu, na kalisiamu haifyonzwi vizuri bila vitamini D3, ambayo ngozi yake huitengeneza akiota mionzi ya UVB, sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Naye asipopata joto la kutosha, chakula hulala tumboni bila kusagika. Kwa hiyo mjusi mdogo anaweza kushiba kila siku na bado akapata matege, kosa likiwa kwenye taa na si kwenye sahani.

Tengeneza makazi kwanza, mjusi afuate. Washa taa zote siku mbili kabla hajafika, upime na kurekebisha akiwa bado hayumo.

Kizimba cha mjusi mkubwa kisipungue urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Wengi huanza na tenki dogo la kioo kwa hofu kwamba mtoto atapotea kwenye nafasi kubwa. Sisi tunashauri uanze na hicho kikubwa. Katika tenki dogo taa hupasha kila kona, na mjusi aliyezidiwa na joto hana pa kukimbilia. Kama tatizo ni wadudu kutoroka na kujificha, mpe ndani ya bakuli lenye kuta laini, au umlishe kwa koleo.

Taa ya joto ikae upande mmoja tu, juu ya jiwe bapa au gogo. Uso wa jiwe hilo uwe nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, na upande wa pili uwe 25 hadi 28. Vipimajoto vya duara vinavyobandikwa ukutani huwadanganya wengi, kwa sababu vinapima kioo, wakati mjusi amelalia jiwe. Tumia kile cha infraredi chenye umbo la bastola, ukilenge pale tumbo lake linapogusa. Joto likizidi, inua taa au weka balbu ya wati chache zaidi. Themostati ya kupunguza mwanga, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya taa chenyewe joto likizidi, ni bora zaidi. Mawe ya umeme yanayojipasha usiyaguse kabisa: mjusi hutambua vizuri joto la juu yake kuliko la chini yake, hivyo huungua tumbo akiwa ametulia.

Akiota huku amefungua mdomo, usihangaike; anapunguza joto. Akishinda upande wa baridi, kuna joto kupita kiasi. Akijibandika chini ya taa kutwa nzima, rangi yake imekoza, joto halitoshi.

Kwenye taa ya UVB, nunua tyubu ndefu ya T5 (aina ya tyubu nyembamba) yenye nguvu ya UVB ya asilimia 10 hadi 12, ifikie nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa kizimba, na iwe upande uleule wa taa ya joto ili mjusi apate vyote viwili kwa pamoja. Balbu ndogo zilizojipinda hutoa UVB kwenye eneo finyu mno. Ikiwa tyubu imefungwa ndani bila wavu, acha sentimita 30 hadi 40 kati yake na mgongo wa mjusi. Mgongo, si sakafu: akipanda juu ya gogo la sentimita 15, umbali umeshapungua. Wavu hula theluthi ya mionzi au zaidi, hivyo taa inayokaa juu yake isogezwe karibu, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji. Kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote, kwa hiyo jua la dirishani halihesabiki. Badilisha tyubu kila baada ya miezi 12. Itakuwa bado inawaka vizuri machoni pako, lakini UVB yake imefifia.

Taa ziwake saa 12 hadi 14 kwa siku, zikiendeshwa na swichi ya saa. Usiku ni giza tupu, bila hata balbu nyekundu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18, tumia kipashajoto cha seramiki kisichotoa mwanga.

Chini tandika karatasi za jikoni au vigae. Mchanga, hata ule unaouzwa kama mchanga wa kalisiamu, humezwa pamoja na chakula na unaweza kuziba utumbo. Unyevu wa hewa wa asilimia 30 hadi 40 unatosha. Na mjusi awe peke yake. Wawili wakilaliana juu ya jiwe, watu huona mapenzi. Mara nyingi yule wa juu anamnyang'anya mwenzake joto na mwanga, na wadogo hung'atana vidole na mikia.

Chakula cha mdogo ni wadudu kwa sehemu kubwa, kama asilimia 70 hadi 80, kinachobaki kikiwa majani. Mpe wadudu mara mbili au tatu kwa siku, kadiri atakavyokula ndani ya dakika 10 hadi 15. Mlo wa kwanza uwe saa moja baada ya taa kuwaka, wa mwisho angalau saa mbili kabla hazijazimwa. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Nyenje, mende wa dubia na mabuu ya inzi askari mweusi wanafaa kwa kila siku. Mabuu ya nondo wa nta ni mafuta matupu, yawe kionjo. Vimulimuli ni sumu. Mmoja tu anaweza kumuua.

Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalisiamu, ilhali mjusi anahitaji kinyume chake, takriban mbili kwa moja. Ndipo unga wa kalisiamu unapoingia. Walishe nyenje majani na karoti kwa saa 24 kabla. Kisha tia watano au sita kwenye kikombe pamoja na unga kidogo, tikisa taratibu mpaka wawe na weupe mwepesi kama wa vumbi la chokaa, na umpe papo hapo. Ukimwaga 30 kwa pamoja, wa mwisho watakuwa wameshajisafisha kabla hawajaliwa. Mlo mmoja wa siku, siku tano kwa wiki, uwe na kalisiamu tupu. Siku mbili zilizobaki weka multivitamini. Unga wenye D3 usiwe wa kila siku kwa mjusi mwenye UVB nzuri, kwani D3 ikizidi hulimbikizana mwilini. Nyenje waliobaki waondoe jioni, la sivyo watamtafuna usiku.

Majani yawekwe kila asubuhi, hata kama anayapita bila kuyatazama: sukuma wiki, majani ya haradali, boga lililoparuzwa. Spinachi na mchicha vina oksaleti inayofunga kalisiamu, visiwe chakula cha kawaida. Parachichi ni marufuku. Yanyunyizie maji kidogo, na uweke bakuli la maji la kina kifupi.

Siku chache za mwanzo anaweza kugoma kula, mwache atulie. Lakini vidole vinavyotetemeka, taya laini au lililovimba, au miguu isiyomwinua kutoka chini ni dalili za mifupa kudhoofika, na kuongeza unga peke yake hakutoshi: mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia. Kinyesi chenye majimaji na harufu kali kwa zaidi ya siku mbili kipelekwe kikiwa kibichi, kipimwe koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) na minyoo. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya gramu, muda uleule, kabla hajala, na uandike. Mdogo anayekua hupanda kila wiki. Uzito ukisimama wiki mbili, anza kwa kupima tena jiwe na kusoma tarehe ya tyubu.