Doa Jeusi Siyo Ruhusa ya Kufunga Mfuko

Kila msimu, miezi miwili mitatu baada ya mavuno ya mtama, mifuko ya kinga njaa, ile ya kuhifadhia nafaka bila hewa, hufunguliwa Magu, Kwimba na Misungwi mkoani Mwanza ikitoa harufu ya chachu, na lawama zote huangukia mfuko. Mfuko hauna kosa. Mtama uliingizwa ukiwa na maji.

Kosa huanzia shambani. Mkulima anachomoa punje kwenye suke, anaona doa jeusi pale ilipokuwa imeshikilia, basi kwake mtama uko tayari kwa ghala. Doa hilo lina maana moja tu: punje imeacha kupokea chakula kutoka kwenye mmea. Uvune, sawa, lakini wakati huo punje ina maji karibu asilimia 30, na ya kuhifadhi isizidi 12.5.

Mfuko huu una plastiki mbili ndani na kiroba nje. Unazuia hewa ili wadudu wafe kwa kukosa oksijeni. Haukaushi! Maji uliyofungia humo yanabaki humo, na chachu huendelea na kazi hata bila hewa. Tena kiini cha punje hufa mapema, kabla pua yako haijagundua kitu.

Hapo ndipo hasara ilipo kwa anayeuza mbegu au mtama wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ya kutengenezea togwa au bia. Shayiri, nafaka kuu ya bia duniani, hupenda baridi ya Monduli na Karatu, siyo joto la ziwani. Huku kwetu kazi hiyo ni ya mtama. Kimea, kiwe cha togwa au cha kiwandani, hutoka kwenye punje hai tu. Kabla ya kumwita mnunuzi, tandaza punje 100 kwenye kitambaa kibichi, uhesabu baada ya siku 3. Zikiota chini ya 90, usijisumbue kuupeleka huko. (Wanaotengeneza kimea nyumbani: baada ya kukianika, sugua na kupepeta machipukizi na mizizi yote. Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.)

Anika masuke kwanza, ndipo upure. Punje zitandaze juu ya turubai kwa unene wa sentimita 3 hadi 5, siyo kichuguu, na uzigeuze kila nusu saa. Usianike kwenye lami wala bati: joto likipita nyuzi 40 kiini kinaungua. Saa kumi jioni kusanya na kufunika, maana unyevu wa usiku kandokando ya ziwa hurudisha maji uliyoyatoa mchana kutwa.

Kisha pima kwa chumvi. Chumvi ya dukani huku huwa mbichi, kwa hiyo ikaange kwanza, iache ipoe. Chukua chupa kavu ya kioo, jaza mtama hadi theluthi moja, weka vijiko 2 vya chumvi, funga, tikisa dakika 2, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, maji yamezidi asilimia 15. Rudi kwenye turubai. Isipoganda, bado usifunge! Umeshuka chini ya 15 tu. Ongeza siku nzima ya jua kali, au mbili kukiwa na mawingu.

Wapo wanaojua haya yote ila wanaogopa kupoteza uzito. Kilo 100 zenye maji asilimia 18, zikikauka hadi 12, hubaki kama kilo 93. Hizo 7 zilikuwa maji, na kwa ajili yake unahatarisha gunia zima.

Mtama mkavu hupasuka kwa mlio ukiutafuna.

Uache upoe kivulini kabla ya kufunga, kisha kila plastiki uifunge peke yake. Mfuko uweke juu ya chaga, mbali na ukuta. Mtama uliokwisha kuota ukungu usiwamwagie kuku. Sumu ya ukungu huwadhuru nao pia. Ufukie.