Datsun 1600 SSS: kuikagua, kuitunza ilivyo, na kuifikisha Mombasa

Mtu akikuambia anauza SSS, usikimbilie boneti. Tandika gunia, ulale nyuma ya gari, utazame magurudumu ya nyuma yameshikwa na nini. Kwenye Datsun 1600 SSS halisi, ile ya chesisi P510, kila gurudumu la nyuma lina mkono wake, koili yake na shafti yake yenye krosi. Ukikuta eksili moja imevuka upande hadi upande, imekalia springi za kupangwa kama za pikapu, basi hiyo ni Datsun ya kawaida iliyobandikwa herufi tatu. Ni gari zuri, ila usilipe pesa ya SSS.

Ukiridhika, fungua boneti. Namba ya injini ianze na L16, na kabureta za Hitachi ziwe mbili, zimekaa bega kwa bega. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini uisome kwa tochi, uilinganishe na logibuku tarakimu kwa tarakimu. Kisha chukua bisibisi ugongegonge chini ya betri, chini ya milango, na pale tairi ya akiba inapolala ndani ya buti. Injini hutengenezwa. Bodi iliyoliwa na kutu itakula mshahara wako miaka mitano.

Yangu niliinunua Molo, kwa mzee aliyeichukua ikiwa mpya mwaka 1971. Pasaka ya 1970 alikuwa kando ya barabara Edgar Herrmann na Hans Schüller walipopita na gari la aina hii wakielekea kushinda Safari Rally, akaapa kwamba lazima apate lake. Alinikabidhi gari pamoja na boksi la mbao lenye kila kipande alichowahi kukitoa: vifuniko vya rimu, kioo cha taa kilichopasuka, hata skrubu za zulia. Nilidhani ni uzee. Leo boksi hilo nalithamini kuliko redio.

Maana mwaka wa pili nilikosea. Niliipeleka gereji moja hapa Nakuru kwa sababu ilikuwa ikinywa petroli, nikaenda kazini. Jioni nikakuta kabureta mbili zimeng'olewa, pamefungwa moja ya gari jingine, na lile kopo refu la kusafishia hewa limeshauzwa kwa wa vyuma chakavu. Kabureta nilizipata siku ileile. Kopo lilinichukua miaka miwili kulipata jingine. Kwa hiyo sheria yangu kwa fundi yeyote ni hii: hakuna kitu kinachotoka kwenye gari hili bila kuingia mkononi mwangu, hata kama kimeoza. Na sitoki gereji kazi ikiendelea. Nabeba chai yangu.

Kutunza gari lilivyo si kulifanya sanamu. Badilisha kinachochakaa, yaani paipu za maji, raba za breki, mikanda, tairi za inchi 13, bila kukata wala kutoboa chochote. Taa zake nne ni hafifu kwa barabara ya leo. Unaweza kuongeza rilei, yaani swichi ndogo za umeme, kwa nyaya za pembeni bila kugusa zile za kiwandani, na siku moja ukizitoa hakuna atakayejua.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu nimeona vichwa vya injini vikiharibika: usikubali thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye redieta hadi injini ipate moto, iondolewe. Mafundi wetu huitoa ikianza kusumbua, wakisema ni ya nchi za baridi. Kichwa cha L16 ni cha aluminiamu. Injini inayoenda baridi mno inajichakaza polepole, na siku redieta ikiziba, joto hupanda ghafla na kichwa kinapinda. Weka thamostati mpya na usafishe redieta.

Valvu nazo. Petroli yenye risasi iliondoka kwenye pampu zetu kufikia mwaka 2006, na gari hili lilibuniwa enzi zake, risasi ikikinga viti vya valvu. Kila kilomita 5,000 mimi hupima nafasi ya valvu injini ikiwa moto: milimita 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa. Spana namba 14 na 17 zinatosha. Ninaandika kwenye daftari, maana kipimo cha leo peke yake hakisemi kitu. Nafasi ikiwa inapungua kila unapopima, kiti cha valvu kinazama, na ni wakati wa kumtafuta mtu wa mashine kabla ya kupanga safari yoyote.

Sasa safari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na Mombasa iko baharini kabisa. Kabureta zilizotegwa huku, kwenye hewa nyepesi, zikifika kwenye hewa nzito ya pwani zitatoa petroli kidogo kuliko hewa inavyotaka. Plagi zitakuwa nyeupe kama chokaa na injini itachemka. Mimi husimama Mtito Andei, njiani kati ya Nairobi na Mombasa, nafungua plagi moja, naitazama, kisha nashusha nati ya chini ya kila kabureta robo mzunguko ili petroli iongezeke. Kiasi ulichoshusha moja ndicho ushushe nyingine. Halafu chukua kipande cha paipu ya raba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, usikilize mvumo. Kabureta zote mbili zivume kwa sauti moja. Fika Voi, tazama plagi tena.

Kabla ya kuondoka piga grisi krosi zote za nyuma, badilisha mafuta ya breki yote, na ujaze mafuta laini kwenye vikombe vya juu vya kabureta. Beba platini, kondensa, mkanda wa feni, raba ya pampu ya petroli, lita tano za maji na kitambaa cha pamba. Kitambaa ni cha kutumia ukifika Kibwezi, kabla ya Mtito Andei. Mchana wa jua kali petroli huchemkia ndani ya pampu, gari linakata kama limeisha mafuta. Loweka kitambaa, ufunike pampu, ukae kivulini robo saa. Usiguse kitu kingine.

Ondoka saa kumi na moja alfajiri, na usiendeshe usiku kati ya malori. Kwenye mteremko ukitumia breki peke yake utazichemsha. Rudisha gia ya tatu mapema, kabla mwendo haujakuzidi.

Mombasa usiegeshe mbele ya bahari usiku. Asubuhi ya kurudi, nunua mitungi minne ya maji baridi, umwage chini ya gari lote, ndani ya matao ya magurudumu na kwenye mikono ya nyuma, hadi maji yanayodondoka yakiguswa na ulimi hayana chumvi. Kisha panda nalo. Ukifika Mtito Andei, pandisha zile nati robo mzunguko, moja baada ya nyingine.