Kabla ya Usiku wa Manane: Mambo ya Kuandaa Ili Furaha Yako katika Bwana Isikauke

Chumba cha ndani cha gereza la Filipi hakikuwa na taa. Luka hatamki hivyo moja kwa moja, lakini soma Matendo 16 taratibu utaliona: tetemeko lilipopita na milango ikawa wazi, mlinzi wa gereza aliitisha taa kwanza ndipo akaingia walimokuwa Paulo na Sila. Basi zile nyimbo za usiku wa manane ziliimbwa gizani, miguu ikiwa kwenye mkatale, migongo ikiwa bado mibichi kwa fimbo za mchana ule. Hapakuwa na kitabu cha kushika wala mwanga wa kukisomea. Waliimba walichoingia nacho.

Picha hiyo nimekaa nayo miaka mingi. Wengi wetu tunaanza kuitafuta furaha ya Bwana siku tunapoihitaji. Kazi imekwisha ghafla, mtoto amelazwa, ndoa imetikisika, ndipo tunafungua Biblia kama mtu anayepapasa kiberiti wakati umeme umeshakatika. Mungu ni mwema, na wengi amewakuta hapo hapo gizani. Hata hivyo yapo mambo ambayo ningemsihi mdogo wangu wa tumbo moja ayaandae mapema, kukiwa bado mchana, na ndiyo ninayokuandikia hapa.

Anza kwa kuchunguza furaha yako imeegemea wapi. Wale wanafunzi sabini wa Luka 10 walirudi kutoka kwenye utume wakiwa wamejaa furaha, kwa kuwa hata pepo waliwatii. Yesu akawaambia: "Msifurahi kwa vile pepo wanavyowatii, bali furahini kwa sababu majina yenu yameandikwa mbinguni." Zingatia kwamba hawakuwa wakifurahia ulevi au mali ya wizi. Walikuwa wakifurahia huduma, tena huduma iliyofanikiwa. Lakini huduma hufika siku ikagoma. Kwaya huvunjika, sauti hukauka, mchungaji huhamishwa. Jina lililoandikwa halihamishwi na barua ya uhamisho.

Chukua daftari, kaa peke yako nusu saa, ujiulize: ni habari gani ikinifikia kesho asubuhi itaiondoa furaha yangu yote? Andika jibu la kweli, usiandike la kumpendeza mzee wa kanisa. Pengine ni mshahara. Pengine ni mchumba, au matokeo ya mtihani wa mwanao, au namna watu wanavyokuona pale mtaani. Si dhambi kuvifurahia hivyo, maana ni zawadi na vinastahili shukrani. Unachotafuta ni kujua nguzo ipi imebeba paa. Ukishajua, peleka jambo hilo kwenye maombi ukilitaja kwa jina lake, kabla halijaguswa.

Kisha weka Neno kichwani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona tumelegea kuliko wazazi wetu.

Usiku mmoja nilikaa kwenye benchi la korido ya wodi, mama yangu akiwa ndani na sisi hatujaruhusiwa kuingia. Simu iliishiwa chaji kama saa tano. Biblia yangu ilikuwa humo ndani ya simu, na tenzi zangu, na mahubiri yote niliyoyahifadhi. Nikabaki na ukuta na harufu ya dawa. Kilichokuja ni Zaburi ya 121, ile niliyokaririshwa nikiwa mtoto kwenye shule ya Jumapili, bila kuelewa, kwa ahadi ya pipi. "Asisinzie akulindaye." Nililirudia neno hilo mpaka muadhini alipoadhini alfajiri. Sikuwa na raha. Nililia sana usiku ule, na mama alifariki wiki tatu baadaye. Lakini chini ya machozi kulikuwa na kitu kigumu nilichoweza kukikanyaga nisizame, na mpaka leo sina jina jingine la kitu hicho ila furaha: kujua kwamba aliyekuwa macho usiku ule hakuwa mimi peke yangu.

Yeremia asema maneno ya Mungu yalionekana, naye akayala, yakawa furaha kwake na shangwe ya moyo wake. Aliyala. Chakula kilichomo kwenye sahani hakijakuwa chako bado. Kwa hiyo chagua zaburi moja kwa mwezi. Ningeanza na ya 16, ya 23, ya 30, ya 42, ya 103 na hiyo ya 121. Iandike kwa mkono, kwa sababu mkono unakumbuka kilichopita machoni haraka. Isome kwa sauti unapoosha vyombo au unapongoja daladala. Ukifika mwisho wa mwezi hujaikamata yote, usihesabu kwamba umeshindwa. Mistari minne iliyoingia damuni inatosha kukuvusha usiku mmoja. Na tenzi vivyo hivyo: jifunze beti zote. Wengi tunajua ubeti wa kwanza na pambio tu, ilhali mara nyingi beti za tatu na nne ndizo zinazozungumzia kufa na mawimbi.

Zaburi ya 42 ina somo la ziada. Mwandishi anaongea na nafsi yake mwenyewe: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Swali hilo linatokea mara tatu, mara mbili ndani ya zaburi hiyo na mara moja katika ya 43. Mara ya kwanza nafsi haikusikia, akarudia. Jizoeze kusema na nafsi yako sasa, siku za kawaida, ukiwa umekasirishwa na foleni tu au na jirani. Asiyewahi kuiambia nafsi yake neno kwenye jambo dogo atashangaa inavyombishia kwenye kubwa.

Safisha nyumba ya moyo mapema. Daudi katika Zaburi ya 51 hakuomba wokovu urudi. Aliomba "unirudishie furaha ya wokovu wako." Dhambi iliyofichwa inaweza kukuacha kanisani, kwenye kiti chako kile kile, ukitoa sadaka ile ile, huku furaha imeshaondoka zamani. Wazee wetu wa Uamsho, ule ulioanza Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, walilijua hili kwa undani. Waliita kutembea nuruni: kukutana, kuitaja dhambi kwa jina lake, kuomba msamaha kwa uliyemkosea, kurudisha ulichochukua. Na wimbo uliowatambulisha popote walipokwenda, Tukutendereza Yesu, ule wa Kiganda, ni wimbo wa kumsifu Yesu kwa damu inayoosha. Furaha yao ilitokea penye toba. Kama kuna deni unalomkwepa mtu, au ujumbe kwenye simu unaougeuza usionekane, anzia hapo kabla hujatafuta semina ya furaha.

Na ugomvi. "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini" ni mstari wa nne wa Wafilipi 4, na kila mtu anaujua. Wa pili tunauruka. Huko Paulo anawasihi wanawake wawili, Euodia na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana. Walikuwa watenda kazi hodari walioishindania Injili pamoja naye, na sasa hawapatani, mpaka anamwomba mwenzake mmoja awasaidie. Kwanza patanisheni hao, halafu furahini. Nimeona jumuiya inayosali kila wiki lakini hakuna anayecheka kutoka moyoni, kwa sababu ndugu wawili hawasalimiani na wengine wote wanapita pembeni kwa tahadhari. Kama mmojawapo ni wewe, nenda wiki hii. Usingoje akuanze.

Andaa watu. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alifikishwa kwa Yesu na watu wanne waliotoboa dari, na Biblia inasema Yesu aliiona imani yao, wala haisemi yake peke yake. Utafika wakati ambapo huwezi kuomba wala kuimba, na mwenzako ataimba kwa niaba yako. Lakini watu hao hawapatikani siku ya msiba. Wawili wanatosha. Wawe watu unaoweza kuwaambia "leo simwoni Mungu kabisa" nao wasikukemee wala wasilipeleke kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa. Wape ruhusa mapema wakuulize hali ya moyo wako, na wewe uwaulize ya kwao.

Mwili pia ni sehemu ya maandalizi, ingawa mimbarini hatuusemi sana. Eliya aliyeomba moto ukashuka, sura inayofuata yuko chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, na kwa nguvu za chakula hicho akaenda siku 40 mpaka Horebu. Ukiwa unalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa wiki tatu, usiharakishe kusema Mungu amekuacha. Lala. Na huzuni ikikukalia wiki baada ya wiki, chakula hakina ladha, mawazo ya kufa yanakujia, nenda ukamwone daktari, na umwambie mtu wa karibu leo hii. Sonona ni ugonjwa, na kutafuta tiba hakupunguzi imani. Ndugu zetu wengi wameumizwa kwa kuambiwa waombe zaidi wakati walipaswa kushikwa mkono na kupelekwa hospitali.

Jipe pia ruhusa ya kulia kabla hujalazimika kulia. Waraka huo huo wa Wafilipi, unaosifika kwa furaha, una machozi ndani yake. Epafrodito, mjumbe waliyemtuma Wafilipi kwa Paulo, aliugua karibu na kufa, na Paulo anakiri kwamba kama ndugu huyo angekufa, yeye angepata "huzuni juu ya huzuni". Katika sura ya tatu anaandika akitokwa na machozi. Zaburi ya 88 inaisha gizani kabisa bila mstari wa kuinua, na Mungu aliiacha humo kitabuni. Kwa hiyo tabasamu la Jumapili, lile la "Bwana asifiwe, tunaendelea vizuri" huku ndani kunaungua, halitakiwi. Anayelia mbele za Mungu bado yuko mbele za Mungu, na Zaburi ya 16 inasema mbele za uso wake ndiko ziliko furaha tele.

Tenga fungu la mtu mwingine. Ule usemi, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", tunaubandika kwenye fulana na kwenye vioo vya magari bila kusoma maneno yaliyoutangulia. Ni Nehemia 8, siku ya kwanza ya mwezi wa saba, watu wamekusanyika mbele ya Lango la Maji. Ezra amesoma torati tangu mapambazuko hata adhuhuri, nao wanalia kwa yale waliyoyasikia. Wanaambiwa waende wakale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu yeye ambaye hakuandaliwa kitu. Sahani ya jirani imo ndani ya agizo lenyewe. Unapopanga bajeti ya mwezi, weka kitu kidogo kwa ajili hiyo, hata kama ni kilo moja ya unga, na upeleke mwenyewe kwa miguu yako. Nimewahi kwenda kwa mjane nikiwa mkavu kama jani la kiangazi, nikarudi naimba, na sikuwa nimepanga kuimba.

Mengine ni mafupi. Jumamosi jioni nyoosha nguo na uzime televisheni mapema, ili usifike ibadani ukihema na ukiwa na hasira na watoto. Shika daftari la shukrani, uandike na tarehe. Yoshua alisimamisha mawe 12 kule Gilgali ili watoto watakapouliza, "Mawe haya ni nini?", pawe na la kujibu, nawe utahitaji kuuonyesha moyo wako mawe yako siku utakaposema Mungu hajawahi kunitendea kitu. Na asubuhi, kabla ya kushika simu, sema na Bwana maneno machache hata ukiwa bado kitandani. Rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, kwa hiyo usizipokee zikiwa zimeshapoa saa nne ofisini.

Turudi Filipi. Nilichelewa sana kugundua kwamba katika usiku ule wote Luka hasemi popote kuwa Paulo na Sila walifurahi. Anasema waliomba na kuimba, na wafungwa wengine walikuwa wakiwasikiliza. Neno la kufurahi linakuja mwishoni, tena limeandikwa juu ya mtu mwingine. Yule mlinzi aliyewafunga miguu aliwachukua saa ile ile ya usiku, akawaosha mapigo yao, akabatizwa yeye na watu wake wote, akawaleta nyumbani kwake akawaandalia chakula, "akafurahi sana, yeye na nyumba yake yote". Miaka kadhaa baadaye, waraka ulipofika Filipi ukasomwa mbele ya kanisa, na Paulo akiwa kifungoni tena, yawezekana nyumba hiyo ilikuwepo pale ikisikiliza neno "furahini" kutoka kwa mtu ambaye waliwahi kumuosha damu mgongoni.