Kufunga viti vitatu vya watoto kwenye Noah ya familia: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati viti na mikanda ya magari hapa Nakuru. Kila mwaka Desemba inapokaribia, familia nyingi hunijia na ombi lile lile: wana watoto watatu na viti vitatu vya watoto, wana gari la safu tatu kama Toyota Noah au Voxy, na wanataka kufika Kisumu, Kakamega au Busia kila mtoto akiwa amefungwa salama mahali pake. Wengi huwa wamekwisha kujaribu nyumbani. Wamekaza kiti cha kwanza kwa nguvu zao zote, kisha wakagundua kwamba cha tatu hakiingii, au kinaingia lakini hakuna anayeweza kupita kwenda nyuma. Ndiyo maana mimi hutaka kujua kwanza nani atakaa wapi, kabla mkanda wowote haujakazwa.

Nitaeleza kwa mfano wa familia moja niliyoihudumia: mtoto mchanga wa miezi saba mwenye kilo nane, dada yake wa miaka mitatu, kifungua mimba wa miaka saba, baba, mama, na nyanya yao aliyekuwa akirudi nyumbani Kakamega. Gari lao lilikuwa Noah ya viti saba, ile ambayo safu ya pili ina viti viwili vilivyoachana na kati yake pana njia ya kupita.

Hatua ya kwanza: soma viti kabla ya kuvifunga

Viweke viti vyote chini, uvigeuze, uvisome. Kiti kilichoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa kina kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara, pamoja na nambari R44 au R129. Cha R44 hupangwa kwa uzito: kuna cha mtoto mchanga hadi kilo 13, cha kilo 9 hadi 18, na vile vya watoto wakubwa hadi kilo 36. Cha R129 hupangwa kwa urefu wa mtoto kwa sentimita, na kanuni hiyo inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite umri wa miezi 15. Vilivyotoka Marekani havina kibandiko hicho bali vina maandishi ya FMVSS 213, yaani kanuni ya usalama ya huko.

Viti vingi vinavyonunuliwa huku kwetu ni vya mitumba, iwe ni sokoni Kibuye au kwa muuzaji wa mtandaoni. Mtumba mzuri upo, lakini ni lazima uvuliwe nguo. Toa kitambaa na sifongo yote, uangalie plastiki chini ya mwanga wa jua: ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, au alama nyeupe mahali plastiki ilipokunjwa, ni sababu ya kukiacha. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, ambayo mara nyingi imechorwa kwenye plastiki upande wa chini, kwa kuwa watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi cha kati ya miaka sita na kumi. Kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililogongwa vibaya hakifai tena hata kama kinaonekana kizima. Ikiwa muuzaji hajui kiti kimetoka wapi, mimi humshauri mzazi akirudishe na atafute kingine.

Hatua ya pili: lijue gari lako

Magari mapya ya abiria nchini Japani yalianza kulazimishwa kuwa na nanga za ISOFIX Julai 2012, hivyo Noah ya miaka ya karibuni huwa nazo, ilhali ya zamani huenda haina. Nanga hizi, ambazo hushika kiti cha mtoto bila kutumia mkanda wa gari, ni vyuma viwili vilivyoachana kwa sentimita 28 na vimejificha pale kiegemeo kinapokutana na kalio la kiti. Ingiza vidole uvipapase. Nimetoa humo maganda ya njugu, sarafu na vipande vya biskuti ambavyo vingezuia ndoano za kiti zisijifunge, kwa hiyo safisha kwanza.

Kisha pima mikanda. Uvute wote hadi mwisho, halafu uuachilie urudi polepole. Ukisikia mlio wa meno yanayokatakata, na mkanda ukakataa kuvutika tena, huo una kufuli ya ndani ambayo itakusaidia. Mkanda usipofanya hivyo, basi hujifunga tu wakati wa breki kali au mgongano, na itabidi kiti chenyewe kiwe na klipu ya kuubana. Safu ya tatu usiisahau: viti vya nyuma vya Noah hukunjwa na kuinuliwa pembeni, na baada ya kushushwa ni lazima vijifunge sakafuni. Kivute kila kimoja kwa mikono miwili. Kikisogea, kufuli haijashika.

Hatua ya tatu: panga nafasi huku kila kitu kikiwa bado kimelegea

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote.

Kwetu magari hupita upande wa kushoto, kwa hiyo ukingo wa barabara uko kushoto. Mtoto anayebebwa na kufungwa na mtu mzima anafaa kuwa upande huo, ili mama asisimame upande wa malori anapomfunga. Kwa hiyo mtoto wa miezi saba nilimpangia kiti cha kushoto cha safu ya pili. Kiti chake kinachotazama nyuma hakitakiwi kamwe kuwekwa mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka hukipiga kiegemeo cha kiti hicho moja kwa moja, na kichwa cha mtoto kiko pale pale.

Wa miaka mitatu nilimweka kulia, nyuma ya dereva. Kifungua mimba, ambaye anaweza kupanda mwenyewe na kujifunga, nilimpeleka safu ya tatu akiwa na busta, yaani kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Angepita katikati ya viti viwili vya safu ya pili bila kugusa chochote.

Nyanya alikuwa na mpango mwingine. “Mwanangu, watoto wangu wote nimewalea mapajani. Huyu nitampakata mwenyewe,” aliniambia.

“Nyanya, nakuelewa,” nikamjibu. “Lakini gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto huyu wa kilo nane anaweza kuvuta kwa nguvu kama ya kilo 240. Hayo ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi, tena kwa ghafla.”

Alinyamaza, akawaita baba na mama wakashauriana. Uamuzi wao ulikuwa bora kuliko wangu wa awali. Nyanya alikaa mbele ambako magoti yake yangenyooka, na mama akakaa safu ya tatu upande wa kushoto. Mtoto anayetazama nyuma huwa ameelekea safu ya tatu, hivyo mama alikuwa akimwona uso safari nzima. Tangu siku hiyo mimi hupendekeza mpango huo kwa kila familia yenye gari la namna hii.

Ikiwa Noah yako ni ya viti vinane, yenye benchi katika safu ya pili, angalia ni sehemu gani ya benchi inayosogea au kukunjwa ili watu wapite nyuma, na usifunge kiti cha kudumu juu yake. Hapo weka mtoto wa busta, ambaye hushuka na kupanda. Ukitaka kuweka viti vitatu kwa mstari mmoja, pima upana wa benchi kwanza: viti vya sentimita 44 vitatu vinahitaji sentimita 132 kamili, na bado mkono wako unahitaji nafasi ya kufikia vifungio.

Hatua ya nne: funga kiti kinachotazama nyuma

Egesha gari mahali tambarare. Hili si jambo dogo katika mitaa yetu yenye miteremko, kwa kuwa kiti kina mstari au kipimo kinachoonyesha mwinamo unaofaa, na gari likiwa limeinama kipimo hicho kitakudanganya. Mtoto mchanga akikaa wima mno, kichwa huangukia kifuani na kumbana njia ya hewa.

Sukuma kiti cha gari kwenye reli mpaka mahali utakapokiacha, kisha usikisogeze tena baada ya kufunga. Kama kiti cha mtoto kina ndoano za ISOFIX, zisukume kwenye nanga za gari mpaka usikie mlio pande zote mbili na alama nyekundu zigeuke kijani. Kama kina mguu wa kutegemeza, mguu huo usimame juu ya sakafu ngumu, wala si juu ya kifuniko cha kisanduku cha kuhifadhia vitu. Kama kinafungwa kwa mkanda wa gari, fuata njia yenye alama za buluu, ambayo ndiyo ya kutazama nyuma, hakikisha mkanda haujasokoteka, kandamiza kiti kwa kiganja na kiwiko, na uvute mkanda kuanzia kiunoni kuelekea begani mpaka uishe ulegevu wote.

Sasa kishike pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze upya. Usikishike sehemu ya juu wakati wa kupima, kwani huko hucheza kidogo hata kikiwa kimefungwa vizuri.

Hatua ya tano: kiti kinachotazama mbele na mkanda wake wa juu

Njia yake ina alama nyekundu. Ondoa au inua kiegemeo cha kichwa cha gari kikizuia kiti kuegemea, weka goti ndani ya kiti uegemeze uzito wako, kisha ukaze.

Mkanda wa juu, ule unaotoka sehemu ya juu ya mgongo wa kiti cha mtoto, huzuia kiti kisibinuke mbele wakati wa mgongano, na hapa nina kosa langu mwenyewe la kusimulia. Katika miaka yangu ya mwanzo niliufunga mkanda huo kwenye ndoano iliyokuwa nyuma ya kiti, nikamkabidhi mwenye gari funguo nikiwa nimeridhika. Aliporudi kutoka Kisumu wiki moja baadaye, ndoano ilikuwa imepinda na plastiki iliyoizunguka imepasuka, na hakukuwa na ajali yoyote, ila matuta tu na breki za kawaida. Ilikuwa ndoano ya kufungia mizigo. Nanga ya kweli ni ya chuma kilichoshikana na mwili wa gari au fremu ya kiti, na mara nyingi huwa na alama ya nanga kando yake. Inaweza kuwa nyuma ya kiegemeo, sakafuni au darini. Usipoipata kwenye kijitabu cha gari, muulize fundi kabla ya safari.

Busta haina mengi. Mkanda wa chini ulale juu ya mapaja, si tumboni, na ule wa begani upite katikati ya bega mbali na shingo. Busta isiyo na mgongo ni ya mtoto aliyefika sentimita 125. Isipokuwa na mtu, ifungwe kwa mkanda vilevile ili isirushwe.

Hatua ya sita: mfunge mtoto mwenyewe

Kwa anayetazama nyuma, mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kaza, kisha jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili: ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea.

Mvue mtoto jaketi kwanza. Asubuhi za Nakuru ni baridi na za Mau Summit zinazidi, na wazazi huwafunga watoto wakiwa na masweta mazito yenye pamba ndani. Wakati wa mgongano pamba hiyo hubonyea yote, na mkanda uliodhani umekaza unabaki umelegea. Mfunge na nguo nyepesi, kisha mfunike leso juu ya mikanda. Mkiteremka kutoka Kericho kuelekea Awasi na Ahero joto litapanda, na leso ni rahisi kuondoa bila kugusa kifungio.

Kabla ya kuondoka, na njiani

Usirundike mizigo nyuma ya safu ya tatu kupita usawa wa viegemeo. Viazi vya Molo vikae chini kabisa, na kila kizito kifungwe kwa kamba.

Mtoto mchanga asikae kwenye kiti chake zaidi ya saa mbili mfululizo. Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni zaidi ya hapo, kwa hiyo panga kusimama Kericho, umtoe, anyooke, anyonye nje ya kiti, gari likiwa limesimama. Mkianza tena, tikisa viti vyote vitatu kwa mkono kabla ya kuwasha injini. Na mkilala Kisumu gari likiwa juani, gusa vyuma vya vifungio kwa mgongo wa kiganja kabla havijamgusa mtoto, au funika viti kwa shuka nyeupe tangu mnapoegesha.