Jinsi ya kuomba kuingia Udzungwa na kufika Maporomoko ya Sanje kwa siku moja

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa huwezi kuizunguka ukiwa ndani ya gari. Msituni hakuna barabara, kuna njia za miguu tu, na kila kundi linaloingia linaingia na mwongozaji. Kwa hiyo utaratibu wake ni tofauti na ule wa Mikumi, ambako unalipa getini na kuendelea na safari yako. Udzungwa lazima upangiwe mtu wa kutembea nawe, na kupangiwa kunategemea karatasi zako ziko sawa na umefika saa ngapi.

Nimepeleka huko ndugu, wanakwaya na wanafunzi, na karibu kila siku iliyoharibika iliharibikia ofisini kabla hatujaugusa msitu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni karatasi na malipo.

Amua njia kabla ya kuomba

Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, wilayani Kilombero mkoani Morogoro, kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Ukiulizwa pale unakwenda wapi, jibu "tunakuja kutembea" halitoshi, kwa sababu kila njia ina muda wake na mahali pake pa kuanzia. Maporomoko ya Prince Bernhard yako karibu na ofisi na hata bibi mwenye magoti mabovu anafika polepole. Yana jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyeifungua hifadhi mwaka 1992. Njia ya Sonjo inachukua kama saa mbili. Mzunguko wa Sanje ni saa nne za kutembea, na mkiwa na watoto au mkipenda kukaa majini wekeni sita. Kilele cha Mwanihana ni safari ya siku tatu yenye kulala msituni na maombi yake ni mengine kabisa.

Mimi nashauri Sanje. Maji yanaporomoka takribani mita 170 kwa ngazi tatu, na ukisimama juu unaliona bonde la Kilombero lote limetandazwa chini yako na mashamba yake ya miwa.

Sasa kuna jambo linalowakwaza wengi. Ukitoka Mikumi unaanza kukipita kijiji cha Sanje, ambako njia inaanzia, halafu kilomita kama tisa mbele ndipo unafika Mang'ula ilipo ofisi. Watu wanakiona kibao cha Sanje, wanashuka kwenye basi na mizigo yao, kisha wanaambiwa malipo na mwongozaji vinapangwa Mang'ula. Hilo lilitupata safari yetu ya kwanza. Tulipanda bodaboda sita kwenda na sita kurudi, na tulipoanza kupanda jua lilikuwa limeshafika utosini. Tangu hapo napiga simu ofisi ya hifadhi siku chache kabla na kuuliza swali moja: mwongozaji atatupokea Mang'ula au Sanje? Jibu lake ndilo linaloamua dereva asimame wapi.

Vitambulisho

Viwango vya ada vinafuata uraia na umri. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi, kiasi kidogo. Wageni wa kutoka nje wanalipa ada ya juu inayotajwa kwa dola, na mgeni anayeishi nchini kihalali ana daraja lake. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipiwi. Kuanzia miaka 5 hadi 15 analipa kiwango cha mtoto, na kuanzia 16 anahesabiwa mtu mzima.

Kila mmoja abebe cha kumthibitisha. Kwa Mtanzania ni kitambulisho cha NIDA, na kama kadi haijatoka, namba ya NIDA pamoja na leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura au pasipoti. Ndugu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aje na kitambulisho cha taifa lake au pasipoti. Mgeni mkazi aje na pasipoti yenye kibali cha ukaazi ambacho hakijaisha muda. Kwa mtoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa inamaliza ubishi, hasa yule wa miaka 14 aliyerefuka kumpita baba yake.

Kusema Kiswahili kizuri si kitambulisho. Nina shemeji aliyezaliwa Tanga na sasa ana pasipoti ya Uingereza. Alifika akiamini atalipa kama sisi, akalipa kama Mwingereza, na afisa hakuwa na kosa lolote. Kama mna mtu wa namna hiyo, mwambieni mapema ili ajipange.

Mkiwa kundi, andikeni barua

Familia ya watu watano haihitaji barua. Mnaweza kufika asubuhi na kujaza fomu palepale. Ila shule, chuo, kwaya, kikundi cha vijana au wafanyakazi wa ofisi, tafadhali andikeni angalau wiki mbili kabla. Barua inamwezesha mkuu wa hifadhi kuwatengea waongozaji wa kutosha, na bila hiyo mtajikuta watu thelathini mna mwongozaji mmoja, wa mbele hawamsikii wa nyuma. Pelekeni kwa mkono au kwa barua pepe, kisha mpige simu kuthibitisha imefika. Iwe fupi, kwa mfano:

"Mkuu wa Hifadhi, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, Mang'ula.

YAH: MAOMBI YA ZIARA YA MAFUNZO YA SIKU MOJA, MAPOROMOKO YA SANJE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule yetu inaomba kuleta wanafunzi 32 wa kidato cha tatu (wasichana 18 na wavulana 14) na walimu 3, siku ya Jumamosi tarehe tajwa hapo juu. Lengo ni kujifunza kwa vitendo uainishaji wa viumbe na utunzaji wa vyanzo vya maji. Tunatarajia kufika saa 1:30 asubuhi na kutoka msituni kabla ya saa 10:00 jioni. Wote ni raia wa Tanzania. Orodha ya majina na umri imeambatanishwa. Mwanafunzi mmoja ana pumu na atakuwa na dawa yake. Tunaomba kupangiwa waongozaji na kutumiwa ankara ya malipo."

Chini yake weka sahihi, cheo, mhuri na namba ya simu inayopatikana. Usiifiche habari ya afya. Mwongozaji akijua kuna mwenye pumu, mwenye kisukari au mjamzito, anapanga mwendo na mahali pa kupumzika. Asipojua, atajua mlimani.

Anayetaka kurusha droni, kupiga filamu ya biashara au kukusanya majani na wadudu kwa utafiti asitegemee barua hii. Vibali hivyo vinaombwa mbali na kiingilio. Vya utafiti vinapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na vinachukua muda.

Malipo

Getini hawapokei noti. Malipo yote ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yanapita kwenye mfumo wa malipo ya serikali. Ofisi inakuandikia ankara, ankara inatoka na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroo namba, nawe unalipa kwa simu au benki. Kwenye simu chagua malipo ya serikali, ingiza namba hiyo, kisha kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea na kiasi. Visipolingana na ankara, acha, rudi kwa afisa.

Soma pia ankara yenyewe. Kiingilio cha kila mtu na ada ya mwongozaji ni vitu viwili, na juu yake kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Hesabu watu mmoja mmoja. Kuna mara tuliandikiwa watoto watatu badala ya wanne, tukagundua tumeshalipa, na kuitoa ankara ya pili ya mtoto mmoja kulitugharimu karibu saa nzima. Namba ya malipo ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo usiiombe mwezi mzima kabla halafu ukae nayo. Viwango hubadilishwa, mara nyingi mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, basi kiasi ulichotajiwa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi usikipangie bajeti.

Mtu yeyote akikuambia "tuma kwenye namba hii yangu nikufanyie haraka", usitume, hata akiwa na fulana yenye nembo. Fedha halali ina kontroo namba na stakabadhi. Bakshishi ya mwongozaji ni hiari yako na unampa mkononi mkisharudi.

Weka salio la kutosha kwenye simu tangu mjini, chapisha stakabadhi, na nyingine ipige picha. Mtandao wa simu chini ya milima hiyo unakuja na kuondoka.

Siku yenyewe

Kutoka Dar es Salaam kwenda na kurudi siku hiyohiyo, usijaribu. Mpaka Mikumi mjini peke yake ni kama kilomita 300, na barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi ambako mwendo umewekewa kikomo na anayegonga mnyama anatozwa faini. Laleni Mikumi au Mang'ula, ziko nyumba za wageni za bei ya kawaida. Stesheni ya TAZARA ipo Mang'ula, lakini treni ni ya mtu mwenye siku za ziada. Chandarua ni muhimu, Kilombero kuna malaria.

Fikeni ofisini saa 1:30 asubuhi. Mtaonyesha vitambulisho na stakabadhi, mtaandika majina kwenye daftari la wageni, kisha mtakutanishwa na mwongozaji. Hapo muulizeni mambo matatu: njia ikoje leo, mvua ya jana imefanya nini, na wapi pa kuoga ni salama. Kati ya Machi na Mei, masika yakikolea, njia inateleza kama sabuni na anaweza kukataa msiende juu. Mkubalieni. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri.

Vaa viatu vyenye meno na suruali ndefu, na soksi uzivute juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Nguo ndefu zinakukinga pia na upupu, ambao ukikugusa shingoni hutafurahia maporomoko wala picha. Beba maji lita mbili, chakula kisichohitaji moto na koti la mvua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, chakula kifungwe kwenye vyombo.

Mwongozaji hutangulia, nanyi mnamfuata kwa mstari mmoja. Wengi wanamwona kama ada tu waliyolazimishwa, na hapo wanakosa nusu ya walichokilipia. Safari yetu ya mwisho mwongozaji aliinua mkono tukasimama. Sisi hatukusikia kitu. Akaelekeza kidole juu, na baada ya muda tawi likashuka kwa uzito: mbega mwekundu wa Udzungwa, ameketi na mguu mmoja ukining'inia, anachambua majani machanga na kuyadondosha makongwe karibu na miguu yetu. Mbele kidogo akaokota tunda lililong'atwa upande mmoja, akainusa ile alama ya meno, akasema ng'olaga wamepita hapa asubuhi hii. Ng'olaga ndilo jina la wenyeji la yule tumbili wa Sanje, anayepatikana milima ya Udzungwa peke yake. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari. Binti yangu aliulizia lile tunda njia nzima mpaka mwongozaji akamwachia alishike, kisha wakalirudisha chini pamoja, kwa sababu hakuna kinachotoka msituni, si tunda, si ua, si jiwe.

Kwenye maporomoko utaanza kusikia mngurumo, halafu ubaridi, halafu manyunyu usoni. Chini ya anguko miamba ina utelezi, na majani mabichi yaliyoishikilia yanatetemeka muda wote kwa upepo wa maji. Ogeni pale tu mwongozaji alipoonyesha. Maji hayo yakishuka ndiyo yanayofika kwenye mashamba na bomba za vijiji vya chini, kwa hiyo sabuni ibaki nyumbani.

Mkirudi, msitawanyike kwenda kutafuta usafiri kabla ya kusaini. Mwongozaji anawahesabu, anayaweka majina sawa na yale ya asubuhi, na kiongozi wa kundi anaandika saa ya kutoka. Kama ni shule, ombeni hapohapo nakala ya stakabadhi yenye idadi ya wanafunzi. Mhasibu ataitaka Jumatatu, na kuifuata Mang'ula ni safari nyingine.