Kubadili bodi ya pikapu kuwa fleti hapa Mwanza: anza na kadi, fundi baadaye

Bodi ya kiwandani ya Hilux yangu haikuharibiwa na ajali, imeliwa na kayabo. Miaka minne nimebeba samaki hao wa chumvi na magunia ya dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, na kila safari yale maji ya chumvi yalichuruzika kwenye kona za bodi, yakatuama chini ya mpira na kula bati taratibu. Mwaka huu sakafu ilitoboka kiasi kwamba ukichungulia unaiona difu ya ekseli ya nyuma. Nimeziba viraka mpaka fundi mwenyewe akaniambia, "Kaka, hapa hakuna tena bati la kushikia."

Nikaamua kuing'oa yote na kuweka fleti: sakafu bapa, kuta fupi za kushusha pande tatu, na kizuizi cha mbele cha kulinda kebini. Kwa mtu wa dagaa ni uamuzi mzuri. Dagaa ni mzigo mwepesi wenye umbo kubwa, unataka upana, na yale mabonge mawili yanayofunika matairi ndani ya bodi ya kiwandani yanakunyima nafasi ya magunia kila siku.

Kazi ya fundi ilikwisha kwa siku sita. Karatasi zilinichukua wiki tano, na nyingi kati ya hizo nilizipoteza kwa sababu nilianza na fundi. Ndiyo maana naandika.

Kwanza elewa kwa nini kuna karatasi. Kadi ya gari haitaji namba na rangi tu. Ina aina ya bodi, namba ya chesisi, namba ya injini, uzito wa gari likiwa tupu na matumizi ya gari. Msajili wa magari ni TRA, Mamlaka ya Mapato. Ukibadili bodi, gari lililoko barabarani si lile lililoandikwa kwenye kadi, na tofauti hiyo itakufuata kwa trafiki, kwa watu wa bima na siku utakapotaka kuuza. Nimemwona mwenzangu wa Igoma amekosa mnunuzi mara mbili kwa sababu kadi inasema pikapu na gari lina bodi ya mbao.

Sasa toa kadi yako uisome. Jina lililoandikwa ni lako? Wengi wetu tumenunua magari mkononi, tukapewa kadi na mkataba wa mauziano, tukaendelea na kazi. Mimi nilikuwa hivyo. Mwenye jina kwenye kadi ndiye anayeweza kuomba mabadiliko, kwa hiyo nilipofika dirishani nilirudishwa nikahamishe umiliki kwanza. Mzee aliyeniuzia alikuwa amehamia Geita. Kumpata, kumwomba atafute kitambulisho chake na TIN yake (namba ya mlipakodi), kuandika mkataba upya mbele ya wakili kwa sababu ule wa zamani haukuwa na muhuri, yote hayo yalikula siku kumi na moja, na gari limeshakatwa bodi, limelala gereji. Kama kadi yako bado ina jina la aliyekuuzia, acha kila kitu ukalimalize hilo leo. Mtafute angali hai na simu yake inapatikana. Na kama kadi iko benki au kwa mkopeshaji kama dhamana, waandikie kabla hujagusa bodi, maana kadi halisi itahitajika.

Jina likishakuwa sawa, nenda ofisi ya TRA kwenye dawati la magari kabla ya kwenda kwa fundi, ukiwa na kadi, TIN, kitambulisho cha NIDA na maelezo mafupi ya unachotaka kufanya: bodi ya sasa ni ipi, mpya itakuwa ya namna gani, urefu, upana, malighafi. Waambie wakuandikie orodha ya vitu watakavyovitaka mwishoni. Mimi niliombwa barua ya maombi, kadi halisi, taarifa ya ukaguzi ya polisi wa usalama barabarani, na risiti ya kazi na vifaa. Hiyo risiti ichukue kwa uzito: iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye jina lako na namba ya gari. Fundi wangu alikuwa na daftari tu. Ilibidi vyuma nionyeshe risiti za dukani, na kazi yenyewe tuandikiane makubaliano. Ukichagua gereji inayotoa risiti ya EFD utalipa zaidi kidogo na utalala vizuri.

Pita pia kwa mkaguzi wa magari wa polisi, umwonyeshe mchoro. Mchoro wa kalamu kwenye karatasi ya daftari unatosha. Mkaguzi akikuambia kwenye mchoro kwamba taa zimekaa vibaya, unafuta kwa raba. Akikuambia baada ya kuchomelea, unalipia chuma mara mbili.

Sasa fundi. Mafundi wa kuchomelea tunao wengi, Nyakato, Mabatini, Buzuruga, na wana mikono mizuri. Lakini wengi wao wamezoea mageti na madirisha, na chesisi ya gari haifanani na geti. Simama naye kwenye mambo haya.

Asichomelee wala kutoboa kingo za juu na za chini za chesisi. Chesisi ya pikapu imetengenezwa ijipinde njiani, na penye tundu jipya au pale moto wa kuchomelea ulipopita ndipo ufa huanzia. Bodi mpya ifungwe kwa bolti kwenye mashimo na mabano yale yale ya kiwandani, na katikati kuwe na mpira mgumu. Kwa sababu hiyo hiyo ya kujipinda, bodi isigusane na kebini. Kila moja ikae peke yake na pawe na nafasi kati yao. Kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, betri itolewe waya, na klipu ya ethi (waya wa pili wa mashine, unaorudisha umeme) ibanwe karibu kabisa na panapochomelewa. Umeme wa mashine ukitafuta njia kupitia oltaneta inayochaji betri au kompyuta ya gari, utalia.

Mdomo wa tenki la mafuta kwenye gari hizi umefungwa kwenye bodi. Ukiondoa bodi unabaki unaning'inia. Lazima ufungwe upya kwa namna ambayo bomba linashuka kuelekea kwenye tenki bila kupanda katikati, na kile kibomba kidogo cha hewa kisibanwe, la sivyo kila ukijaza mafuta yatakurudia usoni.

Kitu kimoja mafundi bodi wengi hawakijui: Hilux nyingi zina fimbo nyembamba inayotoka kwenye vali ya breki chini ya chesisi hadi kwenye eksili ya nyuma. Fimbo hiyo inapima gari limekaa chini kiasi gani kwa mzigo, na vali inaongeza au kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Nilimkuta kijana wa gereji ameishika, anataka kuikata kwa sababu ilikuwa inamzuia kupitisha chaneli, vyuma vya kubeba sakafu. Nilimshika mkono. Ikikatwa, breki za nyuma hazitajua tena kama umebeba tani au umebeba hewa.

Halafu uzito. Piga hesabu kabla ya kununua bati. Chuma cha unene wa milimita 3 kina takribani kilo 23.5 kwa mita moja ya mraba. Sakafu ya mita 2.4 kwa 1.8 ni mita za mraba 4.32, yaani kilo 100 na kitu kwa bati peke yake, kabla ya chaneli, kuta, bawaba na kizuizi cha mbele. Ukipanda hadi milimita 4 bati hilo linakuwa kilo 135 hivi. Uzito wa juu ambao gari limetengenezwa kubeba hauongezeki kwa sababu umeweka bodi kubwa. Kila kilo ya bodi unaitoa kwenye mzigo wako. Fundi wangu alitaka milimita 4 kwenye kuta pia, "idumu". Nilikataa: sakafu 3, kuta 2, na fedha iliyobaki nikainunulia rangi ya kuzuia kutu, makoti mawili ndani na nje, na matundu ya kutolea maji kwenye kona zote nne. Kwa mtu wa kayabo, matundu hayo ndiyo yanayookoa bodi. Weka pia ndoano za kufungia kamba pande zote. Upepo wa ziwani ukikukuta juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 za maji kushoto na kulia, gunia ambalo halijafungwa halibaki.

Taa za nyuma, indiketa, taa ya kumulika namba na viakisi vyekundu vifungwe mahali ambapo ukuta wa nyuma ukishushwa havifunikwi. Hapo mkaguzi ataangalia.

Sasa hatua iliyoniumiza kuliko zote: ukaguzi wa polisi. Nilifika asubuhi, gari linang'aa. Fundi wangu, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa ameisugua chesisi nzima na kuipaka rangi nyeusi nzito kuanzia nyuma mpaka mbele, bila kuniambia. Mkaguzi aliangalia bodi, akavuta kuta, akawasha taa zote, akaridhika. Kisha akaenda kwenye tairi la mbele la kulia, akapiga magoti, akamulika tochi ya simu kwenye reli ya chesisi. Akapitisha kidole gumba mara mbili, tatu. Akanyanyuka, akajipangusa magoti.

"Kijana, namba iko wapi?"

Nikamwambia, "Afande, iko hapo hapo, ni rangi tu imefunika."

"Mimi nasaini namba niliyoiona kwa macho yangu. Hii siioni."

Alikuwa sahihi. Namba ya chesisi ndiyo inayotofautisha gari halali na gari la wizi lililovishwa kadi ya gari jingine, na namba iliyofunikwa au kukwaruzwa mara tu baada ya gari kukatwa inatia shaka kwa mtu yeyote mwenye akili. Nilirudi gereji, moyo unanidunda, maana sikujua kama grainda alilosugulia fundi lilikuwa limefika pale. Tulilowanisha kitambaa kwa tina ya kuyeyushia rangi, tukakibandika kwenye reli kwa dakika kadhaa, tukasugua polepole kwa mswaki wa meno. Herufi ya kwanza ilipotokea nilishusha pumzi. Zilitoka zote, nzima. Kama grainda lingepita juu yake, ningekuwa na kesi ya kueleza, si maombi ya kubadili bodi.

Basi fanya hivi kabla gari halijaingia gereji: tafuta namba ya chesisi mwenyewe, isafishe kwa kitambaa, ipige picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha gari zima na namba yake ya usajili, kisha ifunike kwa utepe wa karatasi na umwambie fundi mbele ya mashahidi kwamba hapo hapaguswi. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Mimi nilirudi kwa mkaguzi kesho yake nikamkuta yuko safari ya kikazi, nikasubiri siku tano nyingine.

Ukishapata taarifa ya ukaguzi, mambo yanakwenda haraka. Unawasilisha TRA, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Malipo ya serikali yanapita kwenye namba hiyo. Mtu akikuambia umpe mkononi ili asukume faili, mkatalie kwa heshima na uendelee kufuatilia mwenyewe. Kadi mpya ikitoka, isome ukiwa bado hapo hapo: jina, herufi kwa herufi ya chesisi, aina ya bodi, uzito. Kosa la herufi moja ukilipeleka nyumbani linakuwa safari nyingine.

Bima usiiache nyuma. Wapelekee nakala ya kadi mpya wabadilishe taarifa, na kama gari lilikatiwa bima ya matumizi binafsi huku unabeba mizigo ya watu kwa malipo, rekebisha hapo hapo, kisha hakiki stika yako kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mwenyewe. Anayebeba kwa kukodishwa anahitaji pia leseni ya LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na usajili wa biashara, wenye vibao vyeupe badala ya vya njano. Lifanye wakati huu huu kadi ikiwa mezani, kuliko kuanza upya mwezi ujao.

Bodi ya zamani usiiuze mapema hata ukisumbuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukaguzi ukikwama, hiyo ndiyo itakayokurudisha barabarani. Yangu ilikaa nyuma ya nyumba mpaka kadi ilipotoka, kisha nikamuuzia mzee mmoja wa Kisesa aliyetaka mlango wa nyuma na kuta za pembeni. Tuliandikiana karatasi, na nakala yake ipo pamoja na kadi.