Siku mbovu za mkimbiaji mpya: kwanza jua ni mbovu ya aina gani

Wiki za mwanzo za kukimbia unakuwa na moto kweli, raba mpya, unaamka kabla ya adhana, afu inakuja siku moja tu, barabara ile ile, kilomita ile ile uliyoimaliza juzi huku unapiga stori, leo pumzi imekata hata hujafika kwenye kona ya duka la Mangi, miguu mizito, na kichwani inaanza kesi kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa haya mambo. Wengi wanaoacha wanaachia hapo hapo, na mara nyingi ni kwa sababu ambayo ingeisha kwa kulala mapema tu. Ninachosema mi ni kimoja: kabla hujaamua siku mbovu inasema nini kuhusu wewe, jua kwanza ni siku mbovu ya aina gani, maana dawa zake hazifanani na ukizichanganya unaweza ukajiumiza kweli.

Anza na vitu vya kijinga. Jana ulilala saa ngapi, ulikula nini na lini, maji ulikunywa, na nje kuna joto kiasi gani. Hili la joto nalikazia kwasababu watu wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa tunalidharau sana, eti tumezoea. Kuzoea kukaa kwenye joto na kukimbia kwenye joto ni vitu viwili. Ukikimbia damu inatakiwa iende kwenye misuli, na hapo hapo inatakiwa iende kwenye ngozi ikatoe joto nje, moyo ni huo huo mmoja, kwa hiyo unadunda zaidi kwa spidi ile ile ya siku zote. Afu jasho linapooza mwili pale tu linapokauka, sasa kuanzia Desemba mpaka Machi huku Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linachuruzika tu halikauki, umelowa chapachapa na bado ndani unachemka. Ukijilinganisha na ulivyokuwa Julai unajionea bure, ile Julai ulisaidiwa na kipupwe.

Kwa miezi hiyo toka alfajiri, saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili, na kimbia kwa dakika, achana na kilomita. Dakika 25 ni dakika 25 hata kama umeenda pole, mwili umefanya kazi yake. Na kama unaishi Dar ukaenda likizo Arusha ambako ni kama mita 1,400 juu ya bahari, au Mbeya ambako inafika kama 1,700, usishangae siku za kwanza pumzi ikawa fupi, oksijeni inayoingia ni kidogo, hujalogwa.

La pili ni spidi na hapa ndo kuna wagonjwa wengi. Mtu mpya anakimbia kama anawahi daladala ya mwisho, dakika tano kaisha, anasema sina pumzi. Pumzi unayo, umeitumia vibaya. Kipimo kizuri kipo bure mtaani kwetu, zile klabu za jogging za Jumamosi na Jumapili asubuhi, wale watu wanakimbia huku wanaimba, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, kama mchakamchaka wa shule ya msingi. Ukishindwa kuitikia wimbo basi spidi imekuzidi, punguza. Kama uko peke yako ongea kwa sauti sentensi nzima, na wapita njia wakikushangaa shauri yao. Na kutembea katikati ya mbio sio aibu wala sio kudanganya, programu nyingi za wanaoanza ndo zimejengwa hivyo, unakimbia dakika moja unatembea mbili, unaenda unabadilisha kidogo kidogo. Kuna siku utarudi hatua moja nyuma, rudi tu.

Kichomi, kile cha ubavuni chini ya mbavu, mara nyingi kinakuja ukiwa umekula au kunywa kingi karibu na muda wa kukimbia. Mlo mzito wa ugali au wali upe kama masaa mawili matatu kwanza. Kikikubana tembea, toa pumzi taratibu mpaka iishe, bonyeza pale panapouma, kikiachia endelea.

Na zile siku ambazo hakuna joto, umelala vizuri, umekula vizuri, hujisikii tu? Jipe dakika kumi. Vaa, toka, kimbia pole pole dakika kumi, zikiisha na bado hutaki geuka urudi nyumbani na usijilaumu. Mara nyingi hautageuka, dakika za mwanzo huwa ndo ngumu hata kwa wazoefu, mwili unakuwa haujapata moto. Ila ukigeuka geuka kwa amani.

Sasa maumivu, na hapa naomba tuwe makini kidogo. Kuna maumivu ya kawaida ya misuli: mapaja yote mawili au vigimbi vyote viwili vimekaza, yamekuja kesho yake au keshokutwa, kushuka ngazi unashuka kama bibi harusi, ila ukitembea kidogo yanalegea. Hayo yanaisha yenyewe kwa siku mbili tatu, tembea, kunywa maji, lala. Afu kuna ya aina nyingine: yako mguu mmoja, unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja kwamba ni hapa, yanazidi kadri unavyokimbia, yanakufanya uchechemee, au yanakuamsha usiku. Hayo unasimama siku hiyo hiyo, humalizii kilomita iliyobaki.

La wanaoanza hasa ni ugoko, ule mfupa wa mbele wa mguu. Sababu yake ni kwamba mapafu na moyo vinazoea haraka, wiki chache tu unajiona simba, ila mifupa na mishipa inayoshika misuli inachukua miezi. Kwa hiyo unaongeza umbali kwasababu pumzi ipo, kumbe chini mguu haujawa tayari. Pumzika, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa (ile ya mfuko ya dukani inatosha), fanya kitu kisichogonga mguu kama kuogelea au baiskeli, na ukirudi anza na kidogo kuliko ulichoachia. Kama inauma hata ukiwa umekaa, au ukigusa pointi moja ya mfupa unaruka, nenda hospitali wakaangalie kama mfupa una ufa. Na tafadhali usinywe diklofenaki ili ukakimbie. Inaficha tu maumivu uendelee kujiumiza, na dawa za kundi hilo ukichanganya na mwili uliokaukiwa maji zinapiga figo.

Hapa lazima kuna mtu atakuja na habari ya mzee John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni wa Tanzania. Mexico City, Olimpiki ya 1968, alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji akaendelea mpaka uwanjani, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza. Namheshimu sana, nani asiyemheshimu. Lakini yule alikuwa kwenye Olimpiki kavaa jezi ya taifa, we uko Mwenge Jumanne asubuhi, hakuna anayekusubiri uwanjani, goti likiuma panda bajaji urudi nyumbani. Na watu wanasahau kwamba siku ile ile zaidi ya 70 walianza na waliomaliza ni 57, walioacha nao walikuwa wanariadha wa Olimpiki. Au chukua Mkenya Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni ya Olimpiki mara mbili, Paris 2024 aliacha baada ya kilomita 30, akatembea, wenzake wote wakampita. Kama Kipchoge anaweza kusema leo hapana basi na we unaruhusiwa.

Kuumwa. Una homa, hukimbii, hakuna mjadala. Nenda kapime malaria usijikisie. Mafua mepesi ya puani tu unaweza kutembea au kukimbia pole, ila yakishuka kifuani au mwili mzima unauma, lala. Baada ya malaria maliza dozi, rudi kwanza kwenye kula vizuri, afu anza na kutembea siku kadhaa ndo ukimbie. Na kifua kikibana, kizunguzungu, au umezimia hata kwa sekunde, simama uende hospitali, usisubiri Jumatatu. Akina dada mkiwa na uchovu usioisha wiki na wiki hata mkipumzika, pimeni damu, upungufu wa madini ya chuma unafanana sana na uvivu na watu wanajilaumu bure.

Tuje kwenye kukosa. Mvua za masika, msiba umeenda mkoani, kazini wamekubana, mwezi wa Ramadhani, mtoto anaumwa, unajikuta wiki mbili raba ipo chini ya kitanda. Kitu kibaya kuliko vyote ni kutaka kulipa deni, yani ulikosa siku sita unataka uzikimbie zote Jumamosi. Hilo deni halipo, lifute. Ukikosa wiki moja hujapoteza kitu cha maana, endelea ulipoishia, ya kwanza tu ifanye nyepesi. Ukikosa wiki mbili tatu anza na nusu ya ulichokuwa unafanya. Ukipita mwezi rudi kwenye kukimbia na kutembea, utapanda haraka kuliko mara ya kwanza, mwili una kumbukumbu. Waliofunga wengi wanakimbia kidogo kabla ya futari au baada ya tarawehe, na lengo la mwezi huo ni kutopoteza, sio kuongeza.

Kuna na siku inayoharibiwa na watu. Kijana wa bodaboda anapiga kelele "kimbia mwizi huyo", mama wa jirani anakuuliza unakimbia nini na umri huo, mbwa wanatoka getini. Kwa mbwa simama, usikimbie, tembea pole bila kugeuza mgongo. Kwa watu dawa ni wenzako, ukiwa watatu hakuna anayekusumbua, tafuta klabu ya jogging ya karibu, nyingi zina watu wa kila umri na kila unene. Dada usikimbie gizani peke yako kwa sababu ya ratiba ya mtu mwingine, bora utoke saa moja jua likiwa limeanza kuliko saa kumi.

Nunua daftari la shule. Kila ukikimbia andika mstari mmoja: saa ngapi, dakika ngapi, ulilala vipi, ulikula nini, pameuma wapi. Baada ya mwezi utaona siku zako mbovu zinafuatana na kitu, labda ni za baada ya kulala usiku wa manane ukiangalia mpira, labda ni siku mbili mfululizo bila kupumzika. Programu ya simu nayo sawa ila zile za kuona wenzako wamekimbia ngapi, ukiwa kwenye wiki mbaya zizime. Na usiwe na haraka: Alphonce Simbu, Mtanzania wa marathoni, alipata shaba ya dunia London 2017, Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 akawa wa 7, dhahabu ya dunia imekuja Tokyo 2025, miaka 8 baadae, na hata hapo yeye na aliyekuwa wa pili walipewa muda ule ule wa 2:09:48. We una wiki ya sita.

Madogo madogo ya kumalizia. Lengelenge usilipasue, funika, na kiatu kiwe na nafasi ya kidole gumba mbele, kucha nyeusi nyingi ni za kiatu kidogo. Raba ya mtumba haina shida ila ikunje uone, ikijikunja katikati kama kandambili au soli imeliwa upande mmoja iache. Mapaja yakichubuka paka Vaseline kabla ya kutoka, sio baada.